Vitabu vya kutambulia aina ndogo za sarafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoanza kukusanya sarafu huuliza "Ninunue kitabu gani?" kabla ya jambo lingine lolote. Nami huwajibu kwa swali: "Una sarafu zipi mkononi?" Hakuna kitabu kimoja kinachoweza kutambua kila sarafu hadi undani wake. Kuna katalogi pana zinazokuambia sarafu yako ni ya nchi gani na ya aina gani, na kuna vitabu vya mfululizo mmoja tu, vilivyoandikwa na watu waliokaa miaka na sarafu za namna moja chini ya lenzi. Karibu majibu yote yaliyo hapa yanahusu namna ya kutoka kwenye katalogi pana hadi kwenye kitabu cha mfululizo wako.

"Aina ndogo" ni kitu gani hasa?

Aina ni yale ambayo kila mtu huyaona: nchi, thamani, picha, madini, ukubwa. Aina ndogo ni tofauti iliyomo ndani ya aina hiyohiyo, mara nyingi ndani ya mwaka uleule, na chanzo chake huwa ni muhuri. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa upande wa nyuma. Muhuri huchakaa, hupasuka, hubadilishwa. Zamani fundi aligonga herufi na tarakimu kwenye muhuri kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa hiyo mihuri miwili haikufanana kabisa.

Mifano itasaidia kuliko maelezo. Peni za Uingereza za 1860 zina duara la ukingoni lenye vitone kama shanga kwenye baadhi, na lenye meno kwenye nyingine. Peni za 1902 zina mstari wa bahari nyuma ya Britannia, mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, na kwenye chache mstari huo uko chini kuliko kawaida. Rupia za British India za 1840 zenye kichwa cha Malkia Victoria zina jina lake likipita juu ya kichwa bila kukatika, au likiwa limegawanywa kushoto na kulia. Sarafu za heller 20 za koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, zilizopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, zina taji kubwa au taji dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER zimejikunja kwenye baadhi na kuchongoka kwenye nyingine. Dola za fedha za Marekani ziitwazo Morgan, za mwaka wa kwanza yaani 1878, zina tai mwenye manyoya 8 mkiani au 7.

Tofauti hizi hazina uzito sawa. Ya peni za 1860 utaiona bila lenzi. Ya herufi L utaiona tu ukishaambiwa mahali pa kutazama, na hiyo ndiyo kazi ya kitabu.

Kwa nini katalogi ya dunia nzima haitoshi?

Kwa sababu haikuandikwa kwa kazi hiyo. Katalogi iliyojulikana zaidi ni Standard Catalog of World Coins, ya Chester Krause na Clifford Mishler, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1972. Baadaye iligawanywa kwa karne, kuanzia 1601. Nambari zake, zinazoanza na KM, zimekuwa lugha ya pamoja ya wakusanyaji duniani, na sina budi kusema kuwa kila mkusanyaji wa sarafu za nchi mbalimbali anahitaji kuzifahamu. Hata hivyo, kitabu kinachobeba dunia nzima hakina nafasi ya kueleza kila muhuri.

Chukua dola ya Morgan ya 1878 iliyopigwa Philadelphia. Katalogi ya kawaida huigawa katika mafungu machache kwa kuhesabu manyoya ya tai. Kazi ya Leroy Van Allen na A. George Mallis, ambayo nambari zake huitwa VAM kutokana na majina yao, imetenganisha aina ndogo zaidi ya mia kwa mwaka huo na kiwanda hicho peke yake. Vitabu vyote viwili viko sahihi. Kila kimoja kimejibu swali lake.

Jambo moja hupuuzwa: katalogi pana huwa na dokezo la tofauti ndani ya nambari yenyewe. Nukta na tarakimu mwishoni, kama .1 na .2, humaanisha kwamba aina imegawanywa kwa tofauti fulani ya mchoro au maandishi. Herufi ndogo mwishoni kwa kawaida humaanisha madini au uzito tofauti. Ukiona sarafu yako ina .1 na .2, simama hapo usome maelezo madogo yaliyo chini yake kabla ya kufunga kitabu.

Nitakijuaje kitabu cha mfululizo ninaoukusanya?

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kusoma katalogi za minada. Nyumba ya mnada inapouza sarafu ya aina ndogo, hutaja nambari yake pamoja na ufupisho wa mwandishi aliyeiorodhesha. Tafuta sarafu kama yako katika minada iliyopita, angalia ni ufupisho gani unaojirudia, kisha fuatilia ufupisho huo ni wa nani. Ukisoma maelezo kumi ya sarafu za mfululizo mmoja, utakuwa umekijua kitabu ambacho wanaozifahamu wanakitegemea. Wala hukuhitaji kumuuliza mtu.

Njia ya pili ni orodha ya marejeo iliyo mwanzoni mwa katalogi pana. Watu hurukia kurasa za nchi yao na kuacha utangulizi, ilhali humo ndimo waandishi hutaja vitabu walivyovitegemea.

Njia ya tatu ni kazi za bibliografia. Elvira Clain-Stefanelli alichapisha Numismatic Bibliography mwaka 1985, kitabu kinene kinachoorodhesha maandishi juu ya sarafu kwa eneo na kwa kipindi. Hakitakuonyesha yaliyoandikwa baada ya hapo, lakini kwa mfululizo wa zamani ambao hakuna anayeuzungumzia siku hizi, mara nyingi ndipo pa kuanzia. American Numismatic Society nayo ilianza kutoa Numismatic Literature mwaka 1947, chapisho lenye muhtasari wa vitabu na makala juu ya sarafu.

Na usisahau makala. Aina ndogo nyingi hazijapata kitabu chake. Zimeelezwa katika kurasa sita au saba za jarida fulani, na anayetafuta vitabu tu huzikosa. British Numismatic Journal, kwa mfano, limewekwa kwenye intaneti bila malipo kuanzia matoleo ya mwanzo kabisa ya karne iliyopita.

Hizi herufi zinazotangulia nambari zina maana gani?

Ni majina ya watu au ya vitabu, basi. Ukishazizoea utaisoma katalogi ya mnada kama unavyosoma anwani.

KM nimeshaitaja. Y ni R. S. Yeoman, kwa sarafu za dunia za nyakati za karibuni. C ni William Craig, kwa kipindi cha 1750 hadi 1850. Fr ni Friedberg, kwa dhahabu. Dav ni Davenport, kwa sarafu kubwa za fedha zenye ukubwa wa taler. J kwenye sarafu za Ujerumani na makoloni yake ni Kurt Jaeger. Kwa shaba za Uingereza utakutana na Peck, ambaye kazi yake juu ya shaba zilizomo British Museum ilitoka 1960, na Freeman, aliyeandika juu ya sarafu za shaba nyeusi kuanzia 1860. Freeman alizipa mihuri ya upande wa kichwa tarakimu na ya upande wa nyuma herufi, kwa hiyo peni inaelezwa kwa jozi kama 1+A. Ni mpango mzuri sana, maana unakulazimisha utazame pande zote mbili.

Hapa kuna mtego. Herufi S kwenye peni ya Uingereza ni nambari ya katalogi ya Spink, iliyorithi kazi ya Seaby. Herufi hiyohiyo S kwenye senti kubwa ya Marekani ya 1793 hadi 1814 ni William Sheldon, aliyechapisha utafiti wake juu ya senti hizo mwaka 1949. Soma ufupisho pamoja na sarafu inayohusika, usiusome peke yake.

O kwenye nusu dola za Marekani za 1794 hadi 1836 ni Al Overton, na kila mwaka huanza kuhesabiwa upya kutoka 101. Kwa hiyo "O-101" bila mwaka haimwambii mtu kitu.

Na sarafu za kale, za Roma kwa mfano?

Huko mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu mihuri ilichongwa kwa mkono na kila sarafu ina sura yake. Wataalamu huzipanga kwa aina, na wanaokwenda hadi muhuri mmoja mmoja hufanya hivyo kwa utafiti maalumu. Kwa Roma ya wafalme, kazi ya msingi ni Roman Imperial Coinage, RIC kwa ufupi, iliyoanza 1923 na kufikia juzuu kumi. Kwa Roma ya jamhuri ni kazi ya Michael Crawford ya 1974.

Mara nyingi nakutana na mtu aliyeandika "RIC 25" kwenye karatasi ya sarafu yake akidhani amemaliza. Katika juzuu nyingi za RIC nambari huanza upya kwa kila mfalme, na katika baadhi kwa kila kiwanda. Bila juzuu, jina la mfalme na, pale inapohitajika, mji wa kiwanda, nambari hiyo inaweza kuwa ya sarafu kadhaa tofauti kabisa.

Habari njema ni kwamba hizi mbili hazihitaji fedha. American Numismatic Society inaendesha tovuti mbili, OCRE kwa sarafu za wafalme na CRRO kwa za jamhuri, zote wazi kwa kila mtu, zikiwa na picha kutoka makumbusho mbalimbali.

Kwa sarafu za Kiislamu, orodha ya Stephen Album iitwayo Checklist of Islamic Coins ndiyo wengi huanzia. Kwa sarafu za China zenye tundu la mraba, kitabu cha David Hartill, Cast Chinese Coins, kilichotoka 2005, huonyesha tofauti za mwandiko ambazo jicho geni haliwezi kuzitenga bila msaada.

Ninaweza kupata vitabu hivi bure?

Vingi, ndiyo, na kwa njia halali. Newman Numismatic Portal, iliyo chini ya Washington University in St. Louis, ina maelfu ya nyaraka za sarafu zilizochanganuliwa: vitabu, majarida, katalogi za minada za miaka mingi. Mimi huanzia hapo kwa chochote kinachohusu Marekani. Internet Archive na HathiTrust zina vitabu vya zamani vya nchi nyingine, na Gallica, maktaba ya kidijitali ya taifa la Ufaransa, ni hazina kwa Kifaransa.

Kanuni ya hakimiliki inakusaidia kukisia mapema. Kitabu kilichochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru. Kilichotoka baada ya hapo huenda kikawa wazi kwa ruhusa ya mwenye haki, au kikaazimwa kidijitali kwa saa chache, au kisiwepo.

Kuna pia kazi ambazo leo zinaishi kwenye intaneti zaidi kuliko kwenye karatasi. VAMworld ina picha za aina ndogo za dola za Morgan na za mfululizo mwingine wa dola za fedha uitwao Peace, na huongezwa kadiri zinavyogunduliwa. Numista ina katalogi ya dunia nzima inayojengwa na wakusanyaji wenyewe, yenye nambari zake na mara nyingi nambari za KM pembeni. Ichukulie Numista kama njia ya kukupeleka kwenye kitabu. Pale inapokosana na utafiti uliochapishwa, fungua utafiti.

Kitabu ninachokihitaji hakichapwi tena. Nifanyeje?

Kwanza kiazime. WorldCat itakuonyesha maktaba zilizo nacho, na mkutubi wa maktaba ya umma au ya chuo anaweza kukuombea mkopo kutoka maktaba nyingine. Wengi hawajui kwamba huduma hiyo ipo, au wanadhani ni ya wanafunzi. Ukiwa mwanachama wa American Numismatic Association, maktaba yake iliyoko Colorado Springs hutuma vitabu kwa posta. Kama unahitaji kurasa mbili tu, omba nakala ya kurasa hizo.

Pili, tafuta wauzaji wa vitabu vya sarafu badala ya wauzaji wa vitabu kwa jumla. Wanajua tofauti kati ya toleo na toleo, na hiyo ina thamani kubwa. Numismatic Bibliomania Society, chama cha wapenda vitabu vya sarafu kilichoanzishwa 1979, hutoa jarida la kila wiki la barua pepe liitwalo The E-Sylum, bure. Humo hutangazwa vitabu vipya na minada ya vitabu vya zamani.

Kabla ya kulipia kitabu cha zamani, uliza kama kurasa za picha zimo zote. Naliandika hili kwa uchungu. Niliwahi kununua kazi ya karne iliyopita juu ya sarafu za shaba, muuzaji akiwa ameieleza kuwa nzima. Ilipofika, maandishi yalikuwa kamili lakini kurasa zote za picha zilizokuwa mwishoni zilikuwa zimekatwa kwa wembe. Maneno "herufi R iko juu kidogo" bila picha yake hayatambui sarafu yoyote. Tangu siku hiyo naomba picha ya ukurasa wa mwisho wa kitabu kabla ya kitu kingine.

Toleo la zamani bado linafaa, au lazima niwe na jipya?

Inategemea unatafuta nini ndani yake. Bei huchakaa haraka sana, nambari na picha hazichakai. Katalogi ya Krause ya miaka ishirini iliyopita itakupa nambari ya KM sahihi kwa sarafu nyingi, na utaipata kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali. Kampuni mama ya mchapishaji huyo, F+W Media, iliingia kwenye ufilisi mwaka 2019, kwa hiyo wengi wetu tunaendelea na matoleo ya zamani ya karatasi. Nambari zile pia zimo katika mwongozo wa bei wa NGC, kampuni ya kukadiria ubora wa sarafu, kwenye intaneti.

Kwa vitabu vya aina ndogo, tahadhari iko upande mwingine: matoleo mapya huongeza uvumbuzi, na wakati mwingine hubadilisha nambari. Cherrypickers' Guide, ya Bill Fivaz na J. T. Stanton, iliyoanza 1990, ni mfano. Nambari zake za FS, kutokana na majina ya waandishi hao, zilipangwa upya kati ya matoleo, kwa hiyo unapoiandika kwenye karatasi ya sarafu yako, andika na toleo ulilotumia.

Kitabu kimeandikwa kwa lugha nisiyoijua. Kitanifaa?

Mara nyingi kitakufaa. Maelezo ya sarafu yana maneno machache yanayojirudia: mwaka, kiwanda, uzito, kipenyo, upande wa kichwa, upande wa nyuma, adimu. Yaandike kwenye kikaratasi, ukiweke ndani ya jalada. Jaeger ni wa Kijerumani, na watu wasiojua sentensi moja ya lugha hiyo humtumia kila siku.

Nimetafuta kitabu kizima, sarafu yangu haimo. Nimegundua aina mpya?

Inawezekana, lakini ipitie kwa utaratibu kwanza.

Ipime. Senti za Marekani za 1982 zinafundisha vizuri: mwaka huo madini yalibadilishwa katikati, na za shaba zina gramu 3.11 huku za zinki zenye ngozi ya shaba zikiwa na gramu 2.5. Mizani inazitenga kabla hujafungua kitabu. Ukichanganya na tarehe kubwa na ndogo na viwanda viwili, una senti saba za kawaida za mwaka mmoja, kwa kuwa mchanganyiko mmoja kati ya minane si wa kawaida.

Halafu jiulize kama unachokiona kilitoka kwenye muhuri. Maandishi yaliyorudufika ndiyo huwapoteza wengi. Muhuri wa kazi hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, na zamani ilihitajika kukandamiza zaidi ya mara moja. Ukisogea kidogo kati ya mara ya kwanza na ya pili, maandishi hujichora mara mbili, na kila sarafu itokayo kwenye muhuri huo huwa hivyo. Senti ya Marekani ya 1955 ni maarufu kwa sababu hiyo, tarehe yake inaonekana mbilimbili kwa macho matupu. Lakini muhuri uliolegea mashinani nao huikwangua sarafu wakati wa kuachana nayo, ukaacha kivuli bapa kama ngazi pembeni mwa herufi, na kuila herufi yenyewe ikawa nyembamba. Hicho vitabu havikiorodheshi, kwa kuwa si cha muhuri. Kurudufika kwa kweli kuna mwinuko wa mviringo na ncha za herufi zilizogawanyika.

Angalia pia kipindi. Nchini Marekani alama ya kiwanda iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri wa kazi hadi karibu 1990. Ukidhani umeona alama iliyogongwa mara mbili kwenye sarafu ya 2005, shaka yako iwe kubwa.

Ikipita yote hayo, piga picha kali za pande zote mbili zenye mwanga wa kutoka pembeni, kisha uwaandikie wanaotunza orodha ya mfululizo huo. Kwa makosa na aina ndogo za Marekani, chama cha CONECA kina wachunguzi wa kazi hiyo.

Nahitaji vifaa gani pamoja na kitabu?

Lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10, mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na taa moja inayoweza kusogezwa. Lenzi kali zaidi hukuonyesha mikwaruzo mingi na kukuficha umbo la herufi.

Nikiwa na fedha ya kitabu kimoja tu, nichukue kipi?

Panga sarafu zako mezani kwa mafungu, hesabu fungu lililo kubwa, na nunua kitabu cha mfululizo wa fungu hilo hata kama ni kijitabu cha kurasa 60. Nambari za KM utazipata bure kwenye Numista. Kabla ya kununua, omba kuona ukurasa mmoja wa ndani, wowote ule: kama picha zimekuzwa vya kutosha kuona ncha za herufi, na maneno yanakuambia mahali hasa pa kutazama, kichukue.